Matandiko Niliyompelekea Malachy

Asubuhi aliyokufa ndama wangu wa nne, nilikuta mayai matatu kwenye nyasi kavu za bandani.

Kwetu mashambani Roscommon kila mtu anajua maana yake: uchawi. Mtu akitaka ng'ombe wako waishe, anakufichia mayai.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Jirani yangu Malachy. Tangu nimshinde kesi ya mpaka, hanisalimii hata kanisani.

"Mzee, utanitambua!" nikasema peke yangu, nalia kwa hasira. Ng'ombe kumi na wawili ndio urithi wote alioniachia baba. Bila ndama, shamba linauzwa.

Jumapili, Malachy akiwa misani, nilijaza toroli matandiko, zile nyasi za kulalia, kutoka banda walimofia ndama wangu. Kinyesi, damu ya uzazi, vyote. Nikaenda kuyafukia kwenye banda lake la kuzalishia, chini ya yale safi. Mkosi wake namrudishia mwenyewe.

Wiki haikuisha, ndama wake watatu wakafa.

Weh! Nilikaa dirishani na chai yangu, namtazama anavyoburuta mizoga. Kula chuma hicho!

Ng'ombe wangu wa tano alipokaribia kuzaa, nikaingiwa na hofu. Nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mkali anaitwa Gobnait. Akaingia bandani, akakunja pua.

"Dympna, wote wanazalia humu humu? Matandiko umebadilisha lini?"

"Krismasi."

"Na sasa ni Machi! Ndama anaangukia kwenye vijidudu, ananyonya chuchu zenye kinyesi, anahara mpaka anakufa. Mtoe huyu akazalie malishoni."

"Na mayai je?"

Akacheka, akanionyesha juu ya nyasi. Mtetea wangu mwekundu, niliyedhani kaliwa na mbweha, alikuwa anataga jingine.

"Na hata unyasi mmoja usitoke humu. Ukifika kwa jirani, umemmaliza."

Nikageuka kutazama banda la Malachy.

Ndama akazaliwa malishoni, mzima, lakini mama yake hakuwa na maziwa. Jioni Malachy akabisha hodi, ana chupa mbili.

"Gobnait kaniambia. Haya ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe wangu alipozaa, niliyaweka kwenye friza. Mpe ndama upesi."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu wako wapi, dada?"

Nikayapokea. Ndama akapona. Mpaka leo sijamwambia nilichofukia bandani kwake.

Hasira bado ninayo, ila aliyebaki wa kulipiziwa kisasi ni mimi.

Jamani, kabla hujamtafuta mchawi, safisha kwanza banda lako.