Kazi ya Kutosaidia

Kwa miaka kumi na moja Bernadetha alilipwa kuwasaidia watu, kisha siku moja akaambiwa kuwa kuanzia sasa kazi yake ni kutowasaidia. Hakuna aliyemuuliza kama ataiweza. Aliambiwa tu, kama anavyoambiwa mtu kuwa sukari imekwisha.

Alikuwa amekuja kambini akiwa bado binti, kutoka kwao Bukiriro, Ngara, kufanya kazi ya jikoni. Ilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma, porini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijiji cha Runazi. Alianza na kupika, akaongezewa kufua, akaongezewa kuosha vidonda, mwisho ikawa hakuna kazi pale isiyomhusu. Asiyeweza kushika kijiko alilishwa na Bernadetha. Asiyeweza kufunga kifungo alifungiwa na Bernadetha. Wagonjwa walimpenda, naye alipenda kupendwa, tuseme ukweli. Akaolewa na Emilian, seremala wa pale pale, na maisha yakaenda.

Halafu vikaja vijiji vya Ujamaa. Watu walihamishwa kutoka mashambani mwao wakapangwa barabarani, nyumba kwa nyumba, na agizo likafika hadi kambini: aliyepona hana sababu ya kulishwa. Aende kijijini, apewe kiwanja na shamba, ajitegemee. Neno hilo lilikuwa kila mahali siku zile, redioni, mikutanoni, kwenye kuta za ofisi, na waliolipenda zaidi ni wale ambao hawakuwahi kujichotea hata ndoo moja ya maji.

Bwana Pancras, mganga msaidizi wa kambi, hakuwa mtu wa mikutano. Aliwakusanya wahudumu akawaeleza kazi mpya kwa maneno machache. Ukoma unapopona, alisema, hisia hazirudi. Mtu anashika sufuria ya moto na hajui kama anaungua mpaka asikie harufu. Kwa hiyo afundishwe kutumia macho mahali pa vidole. Ashike kila cha moto kwa kitambaa au kwa koleo la mti. Na kila jioni, kabla giza halijaingia, akae mlangoni aikague mikono na miguu yake, juu na chini, kama anayechambua mchele.

"Na ninyi," alimalizia, "mkimwona anahangaika, wekeni mikono mgongoni."

Mikono ya Bernadetha haikuwahi kujua njia ya kwenda mgongoni.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 alikabidhiwa mama Rozalia ampeleke Runazi. Rozalia alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye ulimi mkali, vidole vyake vimebaki nusu nusu. Mume wake alimwacha siku alipotangazwa mgonjwa, akapata mwingine. Kwa miaka kumi na minne Rozalia hakuwa na mlango wa kufunga mwenyewe, na sasa alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: nyumba yake. Kijiji kilimpa kibanda cha udongo mwisho wa mstari, pamoja na masharti. Akae mwezi mmoja. Akishindwa kujipikia, kujichotea maji au kulima, atarudi kambini moja kwa moja. Bwana Pancras naye akaongeza lake: akipata jeraha jipya, arudi. Bernadetha angekwenda kumwona mara tatu kwa wiki, na siku ya mwisho aandike ripoti.

Ulikuwa wakati mbaya. Vita vilikuwa vinaendelea huko ng'ambo ya mpaka. Emilian alikuwa amechukuliwa pamoja na mgambo kwenda vitani tangu Novemba, na barua yake ilikuja moja tu. Gari la kambi lilichukuliwa kwenda kubeba askari. Sabuni hakuna, chumvi hakuna, na kiberiti ukikiona dukani ujue ni kile kilichobaki cha maonyesho. Bernadetha alitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, miguu ikiwaka, kwa ajili ya kukaa kwenye kigoda na kumtazama mtu mzima akipambana na kuni.

Alijitahidi. Alimtazama Rozalia akibeba ndoo kwa mkono uliopinda, maji yakimwagika, akanyamaza. Alimtazama akilima kwa jembe lililofungwa mpira kwenye mpini, akanyamaza. Lakini moto ulimshinda. Rozalia hakuweza kuwasha kiberiti. Kijiti kilimponyoka, na kisipomponyoka kiliteketea mpaka kwenye nyama naye hana habari. Kwa hiyo kila alipokuja Bernadetha aliwasha yeye, haraka haraka, kwa kiberiti alichokificha kwenye kanga, akijiambia kuwa kijiti kimoja si msaada.

Wiki ya pili wajumbe wa kijiji walitoa taarifa kuwa watakuja asubuhi kukagua. Bernadetha aliondoka kambini alfajiri akafika mapema. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, paa limevuja, jiko limelowa, moto umekufa. Rozalia alikuwa amesimama mlangoni na kigae cha chungu mkononi, anataka kutoka.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kwa Speciosa kuomba moto."

Speciosa alikuwa jirani, mke wa balozi wa nyumba kumi. Ni kawaida ya watu wa huko. Moto wako ukifa unakwenda na kigae kwa mwenzako, anakupa kaa la moto, na kesho atakuja yeye kwako. Lakini tangu Rozalia ahamie pale hakuna aliyekuja kuomba kwake. Watoto walikatazwa hata kupita karibu na ukuta wake.

Bernadetha aliliona jambo lote kabla halijatokea: Speciosa anafunga mlango, wajumbe wanakuta jiko baridi, kikongwe anarudishwa kambini na kapu lake. Akamnyang'anya kigae, akatoa kiberiti, akawasha. Wajumbe walipofika walikuta sufuria ya maharage inachemka. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaandika "anajiweza", wakaenda zao.

Rozalia aliwasindikiza kwa macho mpaka walipopotelea kwenye migomba. Kisha akamgeukia.

"Umenifanya mwongo."

"Mama, wangekurudisha!"

"Wangenirudisha kwa kosa langu. Kila mwanamke hapa anaomba moto, hata mke wa mwenyekiti. Leo nilijipa moyo nami nikaombe, wewe umenizuia." Akakiokota kigae, akakiweka kando ya jiko. "Nenda na kiberiti chako, Bernadetha. Usije nacho tena hapa."

Alirudi njia nzima akilia kwa hasira. Amchokee mtu namna ile, halafu aambiwe hayo! Usiku alikosa usingizi, na kilichomkosesha usingizi hakikuwa hasira. Alijua kikongwe amesema kweli.

Kesho yake ndipo alipoletewa habari nyingine. Wanawake kadhaa wa kambi walitakiwa Lusahunga, kwenye njia panda, kuwapikia askari waliokuwa wakipita kwa malori. Siku tatu, waliambiwa. Zikawa kumi na mbili. Walisonga ugali kwenye mapipa yaliyokatwa, kwa mwiko mkubwa kama kasia, kuanzia jogoo la kwanza. Kila lori lililosimama Bernadetha alitazama nyuso moja baada ya nyingine, na Emilian hakuwamo. Siku ya nane uji wa moto ulimrukia mkono wa kushoto. Alijifunga kipande cha kanga akaendelea, kwa kuwa lori jingine lilikuwa limekwisha simama. Jioni akasahau kuutazama. Keshoye pia.

Lakini aliyemsumbua zaidi ni Rozalia. Siku kumi na mbili bila mtu, bila kiberiti, na mvua. Alimwona kwa mawazo akitafuna mihogo mibichi gizani. Alipoachiliwa hakupitia kambini. Alipanda lori la mahindi mpaka karibu na Runazi, akamalizia kwa miguu, maana mwezi ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo na ripoti ilitakiwa.

Alipokaribia alimwona Speciosa akitoka mlangoni kwa Rozalia. Mkononi alikuwa na kigae, na juu ya kigae kaa jekundu linafuka moshi. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mwingine na kigae kitupu, anasubiri zamu. Bernadetha alisimama njiani kama aliyesahau anakokwenda.

"Mawe! Mama wee, umekonda hivyo?" Rozalia alimwita kutoka ndani. "Ingia, mvua inakuja."

Alimsimulia huku akikoroga uji. Moto ulikufa siku ya pili baada ya Bernadetha kuondoka, akachukua kigae akaenda. Speciosa alisimama mlangoni akimtazama muda mrefu. Kisha akalileta kaa, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu. Rozalia akaliokota kwa koleo lake la mti.

"Nikajisemea, hili halitakufa. Siwezi kwenda kutazamwa vile mara ya pili." Kila jioni alifukia makaa kwenye majivu na gogo zito juu yake, kila alfajiri akafukua. Halikufa. Kiberiti kikaisha kabisa dukani, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, mioto ya watu ikazimika mstari mzima. Wa kwake ukabaki. "Siku ya kwanza Speciosa alipokuja kuomba, aliniambia kaa niliweke chini. Nikaliweka. Juzi amelipokea kutoka mkononi mwangu."

Bernadetha alitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mkono wa kulia wa Rozalia. Ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Umeungua."

"Nimeungua. Kaa lilidondoka nikaliegemea kwa kiganja. Niliona jeraha jioni ile ile, mlangoni, kama alivyofundisha Pancras. Nikaosha, nikafunga, kila siku naosha." Akausukuma mkono mbele. "Andika. Jeraha jipya, arudi. Safari hii usinifichie."

Bernadetha alifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kisafi, chekundu vizuri, kimeanza kujikunja pembeni. Katika miaka yote ya kambini hakukumbuka kusafisha kidonda cha mtu vizuri kuliko hivi. Akatoa karatasi ya ripoti na kalamu, akakaa nayo magotini. Kuandika uongo alikuwa amekatazwa, na kuandika ukweli ni kumtoa mtu kwenye mlango wake. Uchovu wa mwezi mzima ulimkalia mabegani hata kalamu ikawa nzito.

"Na huo?" Rozalia aliuliza.

"Upi?"

"Huo mkono wako unaonuka."

Aliushika kabla hajajibiwa, akakifungua kile kipande cha kanga kwa meno na kwa vidole vyake vilivyobaki. Chini yake nyama ilikuwa imeiva, kijani pembeni. Bernadetha alishtuka kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Vidole vyake vilikuwa kumi kamili na vyote vinahisi, na kwa siku nne hakuwa ameutazama.

Alinyanyuka kwenda kuchukua maji. Rozalia akamkalisha kwa bega.

"Tulia hapo. Weka huo mwingine mgongoni."

Akapasha maji, akaosha kidonda polepole, akijipima kwa macho asipoweza kwa vidole. Ilichukua muda mrefu. Mara mbili kitambaa kilimponyoka, na mara mbili Bernadetha alijizuia. Alipomaliza alimwekea bakuli la uji mbele yake, na Bernadetha, ambaye hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimpakulia chakula, alilia ndani ya bakuli bila kuficha.

"Mimi nikiungua ninarudishwa kambini," Rozalia alisema. "Wewe utarudishwa wapi, mwanangu?"

Bernadetha akamaliza uji. Kisha alivuta karatasi akaandika: ameungua kiganja cha kulia, amekiona mwenyewe siku hiyo hiyo, amejitibu mwenyewe, kidonda kinapona. Akafikiri kidogo, akaongeza mstari ambao Bwana Pancras hakuwa ameuomba: mimi nami nimeungua, sikuona, na yeye ndiye aliyenitibu. Akaweka sahihi kwa mkono mzima, akaomba uji mwingine.