Kisigino cha Mama na Mbegu za Maboga

Harufu ya majani ya mnyonyo yakibabuliwa juu ya makaa hunirudisha kijijini kwetu Mbingu, miaka ile ya tisini, kwenye asubuhi za palizi. Mama aliyafunga majani hayo ya moto kwenye kisigino cha kulia, akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda kama mtu anayejiandaa kuingia kwenye maji baridi, kisha akakanyaga chini. Hatua za kwanza alizipiga kwa vidole, akishika ukuta. Jua likipanda maumivu yalipungua, akaenda kwenye mpunga kama kawaida. Alfajiri iliyofuata yalikuwa yamerudi.

Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa saa zake! Majirani hawakuhitaji ushahidi mwingine. Amekanyaga kitu, walisema, kimetegwa njiani.

Nilikuwa na miaka minane na nilipenda kusikilizwa. Nikasema nimemwona shangazi Melania, dada yake baba, akifukia kitu mpakani, shamba lake linapogusana na letu. Ni kweli nilimwona. Alikuwa akifukia mbegu za maboga. Hilo la mbegu sikulisema. Hakuna aliyeniuliza, na nyuso zote zilikuwa zimenigeukia.

Mganga wa kienyeji akamchanja mama kisigino kwa wembe. Shangazi akaacha kuja kwetu, maana hakuna aliyeitikia hodi yake. Maboga yalipotambaa hadi upande wetu, mama aliyang'oa.

Chale zilipotunga usaha, baba alimpakia mama kwenye baiskeli hadi zahanati, nami nikikimbia nyuma yao. Tabibu alisafisha kidonda, kisha akabonyeza kisigino upande wa ndani. Mama akaruka.

"Ukiamka, hatua za kwanza ndizo mbaya zaidi?"

"Nani amekwambia?"

"Kisigino chenyewe, mama. Wenzako wengi wa palizi wanaumwa hivyo hivyo."

Chini ya unyayo, alieleza, kuna utando mgumu kama mkanda, unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Mizigo, ardhi ngumu na malapa yaliyolika huuchosha. Usiku hujikaza, na asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla. Akamwelekeza avute vidole kuelekea kwake kabla hajashuka kitandani, aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi, apunguze mizigo, avae viatu vya soli nene. Kupona kungechukua miezi.

"Na aliyenitegea?" mama aliuliza.

"Aliyekutegea ni hayo malapa."

Baba alicheka. Mama hakucheka.

Kufikia mavuno alikuwa akishuka kitandani bila kugusa ukuta. Asubuhi moja alijifunga khanga safi, akanishika mkono hadi kwa shangazi. Tulimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Wifi, nimekukosea," mama alisema, akiwa bado amesimama.

"Nani alisema aliniona?" shangazi aliuliza.

Ungo ulitulia. Niliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyeamini," mama alisema.

Shangazi alipepeta tena, muda mrefu, pumba zikituangukia miguuni. Kisha akasema, "Haya, kaeni."

Kwa miaka mingi nilimshukuru mama moyoni kwa kunificha. Leo najua hakuwa akinificha. Alitaja kosa lake, akaliacha langu nilichukue mwenyewe. Nilikuwa na siku ile nzima ya kulisema. Shangazi alitupikia wali, nikala, nikanyamaza.