Chumba Nilichompa Mgonjwa Wangu

Binti yangu alianza kukohoa Jumatatu asubuhi. Alikuwa na miaka sita, na ulikuwa ule mwaka wa corona, ambao kukohoa mbele ya watu kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Anayeijua Likasi, mji wetu wa migodi huku Kongo, wakati wa kiangazi anajua vumbi letu: malori ya madini yanapita kutwa, majani ya miti yanageuka mekundu, na watoto wa mtaa mzima wanakohoa mpaka mvua ya Oktoba. Miaka yote walikohoa na hakuna aliyeuliza. Mwaka ule kilitosha kikohozi kimoja tu, jirani yangu akainuka kwenye kiti changu na kikombe cha uji bado kiko mkononi.

"Mama, ule mutoto iko na corona," alisema. "Miye niko na batoto ku nyumba."

Akaenda zake na kikombe. Kesho yake alisimama ng'ambo ya ua akamwombea binti yangu kwa sauti, kwa jina la Yesu, mikono juu na miguu tayari kukimbia. Mtaa wote ukasikia tuna mgonjwa. Sikumshukuru siku ile, na mpaka leo sijamshukuru.

Nilimpeleka mtoto kituo cha afya. Muuguzi hakufungua hata mlango. Alituhoji dirishani, barakoa ikiwa chini ya kidevu.

"Iko na homa?"

"Hapana."

"Anakula?"

"Anakula bukari kunipita," nilisema, na kweli ugali haukumshinda.

"Basi, test haiko. Siyui kama ni corona, siyui kama haiko corona. Mumutie mu chumba yake, yeye peke."

Chumba chake! Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, na stoo ndogo. Watoto watatu walilala sebuleni na mama yangu mzee, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Damu ilinichemka, lakini nilijibu "Merci, mama" kama mjinga, nikamshika mtoto mkono tukarudi kwa miguu. Njia nzima nilipima. Nikikosea upande huu, namzika mama yangu. Nikikosea upande ule, namtesa mtoto bure.

Nikachagua stoo. Mume wangu ni mchimbaji wa mikono, na kama wachimbaji wote wa mtaa wetu, haachi mawe yake ya madini nje yaibwe. Huyaweka stoo, kwenye mifuko, mpaka yamtoshe mnunuzi. Nilitandika godoro katikati ya mifuko hiyo. Nikafunga dirisha, upepo usipeleke ugonjwa kwa majirani waliokwisha kunihukumu. Asubuhi na jioni nilimfukiza kwa majani ya mkaratusi, na chakula nilimpelekea nikiwa nimevaa barakoa niliyoshona kwa kitenge.

Siku ya tatu kikohozi kilikuwa kibaya zaidi, kikavu, kinamfikisha kwenye kutapika. Homa hakuna. Chakula anakimaliza. Na wale wawili waliokuwa wakilala naye hawakuwa na hata mafua. Siku ya nne niliingia kufagia, nikateremsha barakoa kwa sababu ya joto. Sikufika nusu ya chumba. Koo lilinikaba, nikakohoa mpaka nikakaa juu ya mfuko, na nilipoinua mkono ulikuwa mweusi kwa vumbi la mawe. Lilikuwa kwenye shuka. Lilikuwa kwenye mto, pale alipoweka mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekitandikia godoro.

Mume wangu alipofika nilimngoja mlangoni.

"Papa, utoshe ile mifuko sasa."

"Bataiba."

"Baibe!"

Akaitoa. Nilimkasirikia, ndiyo, lakini si yeye aliyefunga dirisha. Hasira yangu ina watu wengi, nami nimo.

Baada ya wiki alikuwa anakohoa kidogo tu, kama wenzake wa mtaani. Je, haikuwa corona? Siwezi kuapa, hakuna aliyempima, na hilo nalo linaniudhi hadi leo. Lakini nilimtoa, nikamwogesha, nikarudisha godoro sebuleni. Mama yangu, aliyekuwa amemkosa siku zote hizo, akanyoosha mikono ampokee.

Mtoto alisimama mbali, viganja viwili mdomoni.

"Kambo, usikuye karibu," alimwambia bibi yake. "Utakufa sababu ya miye."

Mama yangu alishusha mikono. Alinigeukia mimi. Maneno yale nilimfundisha mtoto mimi mwenyewe siku ya kwanza, nikiwa nje ya mlango wa stoo, ili aache kugonga.