Viatu vya Wafula

Mwanangu, kabla hujafunga hilo begi, keti kidogo. Nimeona viatu vyeupe ulivyoviweka mlangoni kwa ajili ya kupanda mlima kesho na rafiki yako na wenzenu, na moyo wangu umerudi Maringo, mtaa wetu wa zamani kule Nairobi, bila kuniomba ruhusa.

Nakumbuka Jumatatu moja ya Pasaka, miaka ya sabini, vijana wa kwaya tulipoamua kupanda vilima vya Ngong. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Wafula, kijana wa kutoka magharibi aliyepanga chumba jirani na chetu. Kila alfajiri alisimama kwenye lango la kiwanda huko Industrial Area akitafuta kibarua, na wiki hiyo msimamizi alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu. Alitakiwa tu kufika Jumanne asubuhi. Asipofika, wengine walikuwa wamejaa langoni.

Mama alinitolea raba zangu za shule, sweta na chupa ya maji. Nikaviacha vyote chini ya kitanda. Kwaya ilikuwa na wasichana, mwanangu, nami nilikuwa na viatu vipya vya soli ndefu, vya kumfanya mtu mfupi aonekane wa maana. Nilibeba kitana na redio ya betri. Usicheke. Haya, cheka.

Tulipofika kituoni Wafula alinitazama miguuni.

"Wee, hizo viatu ni za dansi. Rudi ubadilishe, tutakungoja."

"Wachana na mimi. Na hizo buti zako za kiwanda, kwani unaenda kubeba mawe?"

Kupanda nilipanda, kwa kiburi tu. Wakati wa kushuka mvua ikanyesha, nyasi zikawa utelezi, soli moja ikang'oka na kifundo cha mguu kikateguka. Nikakaa kwenye tope nikitetemeka, na wale wasichana niliotaka wanione wakaniona. Wafula hakuyataja ya asubuhi. Alivua buti zake, akanivisha, akanifunga kamba mwenyewe, kisha akanipa na sweta yake.

"Na wewe je?"

"Mimi nimekulia bila viatu. Twende, giza litatupata huku."

Akanishika kiunoni tukateremka. Alikanyaga mwiba, halafu jiwe lenye makali, na bado alikuwa akinitania. Tulipofika barabarani ndipo nilipoiona damu.

Jumanne mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi hata kuukanyagia. Nikaenda langoni kumwombea, nikichechemea. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Mwisho wa mwezi kodi ikamshinda, akarudi kwao. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimwandikia barua mbili, sikupata jibu. Hata sasa, mvua ya Aprili ikianza, natamani niisikie sauti yake ikiniita kutoka ng'ambo ya ukuta.

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Siku Wafula alipoondoka aliniambia, "Wewe ulivaa ili utazamwe, na mwenzako ndiye aliyelipa." Akaendelea kupiga msasa kinyago chake.

Basi, mwanangu, vaa viatu vilivyouzoea mguu wako, vyenye soli ya kushika ardhi. Weka sweta na koti la mvua hata kama jua litakuwa linawaka asubuhi. Beba maji ya kutosha, chakula, bendeji na tochi. Usijiambie kwamba wenzako watakuwa navyo. Watakuwa navyo, na watakupa, maana rafiki mwema hawezi kukuacha kwenye tope. Ndiyo sababu usimfikishe hapo.

Mungu awatangulie kesho, awape njia nyepesi, awarudishe nyote salama. Na huyo rafiki utakayepanda naye, akujalie uzeeke naye karibu.