Taarifa ya Tumbo

Mtu akirudi vitani bila mguu, watu humpisha kwenye benchi kanisani. Mume wangu alirudi kutoka Burma na miguu yake yote, mikono yake, hata meno. Tumbo ndilo lililobaki huko. Lile alilorudi nalo halikutaka chakula cha watu. Akila githeri ya mahindi na maharagwe, damu. Akila nyama, damu. Kitu pekee kilichokaa ni uji mwepesi wa wimbi, ule tunaompa mama aliyejifungua jana, na huo aliunywa nyuma ya nyumba akiwa amewapa watu mgongo. Mwanamume mzima, koplo wa jeshi.

Nasema haya bila aibu kwa sababu yeye mwenyewe aliyasema, tena kwa sauti iliyosikika Thika karibu yote. Ngojeni nifike huko.

Tulikuwa tunakaa Ruiru, kwenye shamba la kahawa, katika zile nyumba za wafanyakazi tulizoziita laini. Kazi yake ilikuwa kupogoa mikahawa. Asubuhi alianza mstari wake kabla ya vijana wote, na jua likianza tu kupanda ilimbidi atupe mkasi akimbilie vichaka vya mtoni. Nyapara wetu alikuwa mtu ambaye vita pekee alivyowahi kuona ni vya majogoo. Huyo ndiye aliyesimama katikati ya kahawa na kupiga kelele, "Koplo ameenda doria!" Watu wakacheka. Kisha akaenda kwa mwenye shamba akamwambia mume wangu ni mvivu. Mvivu! Mtu aliyekuwa akirudi kutoka vichakani akitetemeka, akaokota mkasi, akamaliza mstari wake na nusu ya mstari wa jirani. Hilo neno lilinichoma, na bado linanichoma.

Mwenye shamba alisema maneno machache. Kama ni ugonjwa wa vita, serikali ndiyo iseme. Siku hizo bodi ya madaktari ilikuwa ikija Thika kuwapima maaskari wa zamani na kuamua vita vimemharibu kila mmoja kiasi gani, kwa mia. Mguu ulikuwa na kiasi chake, jicho lilikuwa na chake, na tumbo pia, ingawa wengi hawakujua. Mume wangu akileta neno la bodi, angepewa kazi ya kukaa kwenye kitalu cha miche, karibu na choo. Asipolileta, mavuno yakiisha tutoke kwenye nyumba. Na hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mkikuyu aliyefukuzwa shambani alipakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na huko rizavu sisi hatukuwa na hata mahali pa kupanda kitunguu.

Akaenda. Alipiga shati lake la kaki pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama. Alipaka viatu rangi, akabandika medali kifuani. Mimi nilibaki nikiomba Mungu. Jioni alirudi anatembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Wamesemaje, baba watoto?"

"Wamesema mimi ni mzima. Sufuri kwa mia."

"Haiya! Waliuliza nini?"

"Waliuliza ninakula nini. Nikasema kila kitu, afande. Wakauliza habari ya tumbo. Nikasema mzuri, afande."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Namshukuru Mungu kwamba niliuweka chini. Nilimuuliza kama ni mimi ninayefua zile suruali zake mtoni kabla ya watu kuamka, au ni afande. Alikaa kitandani akaanza kufungua viatu, na nikaona mikono yake imekuwa myembamba kuliko yangu. Hasira ikanishuka kidogo. Kidogo tu.

Kosa lake halikuwa ujinga. Jeshini, aliniambia, anayesema ni mgonjwa wakati wa paredi huitwa mkwepa kazi, na yeye kwa miaka yote ya vita hakuwahi kutoka kwenye mstari. Alibebwa mara moja, amezirai, na hata hiyo aliihesabu kama aibu. Sasa umwambie mtu kama huyo avue suruali ya heshima mbele ya wazungu watatu na karani!

Mtu aliruhusiwa kukata rufaa, lakini mara moja tu. Bodi ingerudi Thika kabla ya mavuno kuisha. Kila nikimgusia, alitoka nje. Nilimwambia mficha maradhi kilio kitamfichua, akasema hizo ni methali za wanawake. Basi Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa tunachambua maharagwe ambayo yeye asingeyala, nikamwendea kwa njia yake mwenyewe.

"Wewe ulikuwa koplo. Ulikuwa na maaskari chini yako?"

"Nilikuwa nao."

"Mmoja wao akipigwa risasi, nawe umwambie afande huyu ni mzima, utaitwa nani?"

Alinitazama. "Mwongo. Tena muuaji, kwa sababu majeruhi hataletewa machela."

"Basi una askari mmoja hapa," nikamgusa tumbo, "amepigwa risasi tangu Burma. Anavuja damu kila siku. Na koplo wake anamwambia afande ni mzima."

Alichambua maharagwe yote mpaka yakaisha, akainuka, akachukua rangi ya viatu.

Safari hii nilikwenda naye. Tulipewa pasi zetu mbili, vibali vya kutoka Ruiru, tukapanda lori la kahawa, tukakaa juu ya magunia mpaka Thika. Kwenye veranda ya ile ofisi wanaume walikuwa wamejaa. Mmoja alikuwa na mkongojo, mwingine jicho limefungwa kitambaa. Walimwangalia mume wangu, shati limesimama na viatu vinang'aa, na yule wa mkongojo akamuuliza, "Wewe ndugu, umemsindikiza nani?"

Alinyoosha kola ya shati. Ndipo jina lake likaitwa.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia buti likigonga sakafu. Nilisikia daktari akiuliza, kwa Kiswahili chao kile, "Habari ya tumbo?" Kisha kimya. Woi, kimya kile! Nilijua neno "mzuri" liko kwenye ulimi wake, limekaa hapo tayari kama mate. Nilishika nguzo ya veranda.

"Taarifa ya tumbo, afande!"

Ilikuwa sauti ya paredi. Yule mtu hakujua kusema na mkubwa kwa sauti nyingine. Ndege walitoka mtini.

"Tumbo limeumia Burma, afande, wakati wa mvua, kwa maji ya mto! Limevuja damu tangu hapo mpaka leo asubuhi! Githeri, hapana! Nyama, hapana! Uji wa wimbi peke yake, afande, uji wa mzazi! Nikinywa huo ninapata nguvu mpaka saa sita. Baada ya saa sita ninafanya kazi kwa hasira! Bodi ya kwanza nilitoa taarifa ya uongo, afande! Hii ndiyo ya kweli!"

Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale chini alicheka. Yule wa mkongojo akaugonga chini, paa! "Nyamaza, mama. Hata mimi niliyanywa maji hayo." Na yule wa jicho, bila kumwangalia mtu, akasema, "Hata mimi." Wote walikuwa wamekuja na majeraha yale yanayoonekana. Hakuna aliyekuwa amepanga kutaja tumbo.

Walimbonyeza, wakamuuliza mengine, akajibu yote kwa sauti ile ile. Mimi nilisimama wima kwenye veranda, nimeinua kidevu. Wanawake wengine husimama hivyo siku waume zao wanapovishwa medali. Mimi nilisimama hivyo wakati wangu anataja choo.

Alitoka masikio yamekuwa moto. "Arobaini kwa mia," akaniambia. Kisha polepole, "Ulisikia?"

"Nilisikia. Hata wa stesheni walisikia."

Akacheka mpaka akashika tumbo lake. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aende vitani.

Jumatatu alianza kazi kwenye kitalu. Saa ya chakula wanaume walikaa kwenye nyasi na githeri yao, na mimi nilikuwa hapo karibu nikiteka maji. Nilimtazama nione ataenda nyuma ya nyumba gani. Hakwenda. Alikuja na kile kibati chake cha jeshi, akakaa katikati yao, akafungua kifuniko. Uji.

Nyapara hangeweza kuacha nafasi kama hiyo ipite. "Koplo! Umezaa?"

Mume wangu alikunywa fundo la kwanza, akafuta masharubu.

"Nimezaa," akasema. "Arobaini kwa mia. Na wewe, vita vilikupa ngapi?"

Wanaume walicheka mpaka githeri ikamwagika, na safari hii si yeye waliyekuwa wakimcheka. Alikunywa uji wake wote mpaka chini, polepole, akiwa amewatazama watu usoni.