Kiherero Changu Mbele ya Baba Mukwe

Nilipokwenda kumposa Maria, hapa Élisabethville, nilitaka kumfurahisha baba yake, Muherero aliyefuata kazi ya reli kutoka kusini. Maria alinifundisha kwamba “me ungura” ni “ninafanya kazi”, na “mo ungura” ni “unafanya kazi”. Alipotaka kurudia, nilimkatalia. Nilijiona nimeshakuwa mwalimu.

Mzee akauliza, kama Maria alivyonionya, nani atamlisha binti yake. Nikajipiga kifua, nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: “Mo ungura.”

Maria akafunika uso kwa kitambaa. Nikadhani ni furaha, nikarudia.

Mzee akaweka kikombe chini. “Bon, mutoto yangu,” akasema kwa Kiswahili. “Ni mimi njo nitatumika kazi. Na weye utakuwa unafanya nini?”