Beryl Tranter na Mchanga wa Iluka

Miaka tisa Beryl Tranter alipika kwenye yoti ya Noel Pascoe, na miaka tisa hakuruhusiwa kugusa usukani hata kwa kidole. Si kwamba hajui. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa kamba, na Beryl alikuwa akivuka mlango wa mto pale Iluka, kijiji cha wavuvi huko Australia, tangu ana mimba ya mtoto wa kwanza. Ila miaka tisa iliyopita jina lake liliharibiwa, na aliyeliharibu ni huyo huyo Noel.

Ilikuwa hivi. Kila majira ya baridi Beryl, Noel na mkewe Glenys hupanda na pwani mpaka Queensland, jimbo la kaskazini, kuota jua, na Oktoba hurudi. Mwaka ule, wakiingia mtoni, Noel akamwachia usukani.

"Kata kushoto, Beryl. Maji bado yanajaa."

Beryl akakata. Yoti ikapanda fungu la mchanga, maji yakawakimbia, wakalala ubavu mchana kutwa mbele ya baa iliyojaa watu. Noel, uso mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akawapigia kelele wa ufukweni: "Nilimpa mwanamke usukani!"

Mdomo ule! Tangu siku hiyo Iluka nzima ikamwita Beryl Mchanga. Akienda kununua mkate: "Leo umefika bila kukwama?" Anacheka nao, huku moyo unamuwaka. Aliendelea kusafiri nao kwa sababu Glenys ni shoga yake tangu wakimenya kamba pamoja kiwandani, na kwa sababu bahari anaipenda kuliko anavyomchukia Noel. Kidogo tu.

Oktoba hii wakarudi tena. Mlango wa mto uko mbele, Noel kashika kijitabu cha saa za maji kujaa na kupwa alichonunua Iluka.

"Saa nane maji yanajaa pomoni. Tunaingia."

Beryl akatazama mawimbi pale mlangoni, meupe, yamesimama wima kwa kugongana na mkondo wa mto. "Noel, maji yanatoka hayo."

"Wewe angalia sufuria yako."

"Sufuria haizamishi watu."

"Kitabu kinasema saa nane, na saa ile pale inasema saa nane. Unabishana na kitabu?"

Kabla ya kuvuka, lazima umwite redioni mlinzi wa kujitolea, umwambie mko wangapi na mnavuka saa ngapi. Vyombo vyote vya mtoni vinasikia. Noel akaita.

"Tuko watatu, tunaingia sasa, saa nane, maji yamejaa."

Aliyejibu ni Merle Cavanagh, kikongwe wa redio. "Saa nane ya wapi, baba? Hapa ni saa tisa. Maji yanatoka saa nzima sasa. Jumapili tumesogeza saa mbele, au hujui?"

Iluka kila Oktoba husogeza saa zote mbele kwa saa moja, ili jioni iwe na mwanga zaidi; watu wa Queensland hawasogezi, eti jua likizidi mapazia yatachujuka. Na saa ya Noel ilikuwa bado ya Queensland, ilhali kijitabu chake kinafuata saa za Iluka.

Beryl hakungoja. Akamsukuma Noel kwa nyonga, akashika usukani, akaigeuza yoti kuelekea baharini kabla wimbi halijawafikia.

Glenys akamtazama mumewe. "Noel. Mwaka ule wa mchanga si tulirudi hivi hivi, saa zimetoka kusogezwa?"

Noel akaanza kukikunja kijitabu chake.

"Ulijua?"

"Nilijua jioni ile ile," akanong'ona. "Nikaona aibu."

"Aibu yako ukanivisha mimi," akasema Beryl. "Chukua redio."

"Niseme nini?"

"Unajua cha kusema."

"Beryl, jamani, sisi marafiki..."

"Redio, Noel."

Akaichukua. "Merle, mwaka ule tulipokwama, kulitokea kosa la saa."

"Lilitokea lenyewe?" Beryl akamkata. "Lilidondoka kutoka mbinguni?"

Noel akabonyeza redio tena. "Kosa langu mimi, Noel Pascoe. Beryl alifuata amri yangu. Nimelificha miaka tisa."

Redioni wavuvi wa kamba wakaripuka kwa vicheko, mmoja baada ya mwingine, na Merle akasema, "Nimekusikia, baba. Mto mzima umekusikia."

Glenys alikuwa amekaa chini, mbavu hana kwa kucheka.

"Basi umenisamehe?" Noel akauliza.

"Nani kakwambia?" Beryl akasema, akielekeza yoti kusini, kwenye bandari isiyo na mchanga mlangoni.